Kufungasha kwa Siku Mbili za Lushoto

Mara ya kwanza nilipokwenda Lushoto kwa wikiendi nilibeba sanduku la magurudumu. Kutoka nyumbani hadi kituo cha mabasi cha Magufuli, pale Mbezi Luis, liliteleza vizuri na nikajiona msafiri wa maana. Kesi ilianza niliposhuka kwenye bodaboda chini ya kilima cha wenyeji wangu. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, njia imekuwa utelezi mwekundu, na baada ya hatua kumi magurudumu yalijaa udongo yakagoma. Kijana mmoja akalitwika sanduku kichwani kama ndoo ya maji, akapanda nalo huku akipiga mluzi. Mimi nilikuwa nyuma yake, nashika migomba nisianguke. Ndani ya sanduku hilo mlikuwa na fulana tano, viatu vya ngozi, pasi ya umeme na manukato. Sweta hakuna. Usiku ule nililala nimevaa fulana zote tano.

Tangu hapo nafungasha kwa mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la mwili wangu: baridi, mvua, giza na tumbo. La pili ni la wenyeji. La tatu ni nafasi tupu, kwa sababu shamba hakuna mtu anayeruhusiwa kurudi mjini mikono mitupu. Anayefungasha fungu la kwanza peke yake amefungasha theluthi tu ya safari.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetoka Dar es Salaam kwenda milima ya Usambara, kwa kuwa ndiko ninakokujua. Ukienda Rungwe, Njombe au Uluguru, badilisha majina ya vituo. Mafungu yabaki yale yale.

Ijue njia kabla ya begi

Basi hupita Chalinze, Segera na Korogwe, kisha hufika Mombo. Mpaka hapo bado uko kwenye joto la tambarare. Kutoka Mombo barabara inakunja kuingia mlimani, na kwa kilomita 33 hivi ni kona juu ya kona, ukipita Soni hadi Lushoto mjini, ulioko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kanuni ya kukadiria ni rahisi: kila unapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Wewe uliyeamka ufukweni utakuwa umepoteza nyuzi 8 kabla hata jua halijazama. Vijiji vya juu zaidi, kama Mambo, vina baridi kuliko mjini Lushoto. Kati ya Juni na Agosti, wakati Dar wanasifia upepo mzuri, kule watu wanaota moto jikoni.

Mvua nayo ina ratiba yake. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba, lakini mlima haufuati kalenda kwa uaminifu. Ukungu na manyunyu vinaweza kukukuta mwezi wowote.

Kabla hujagusa begi, mpigie simu mwenyeji umuulize mambo matatu. Gari linafika mlangoni au kuna mwendo wa miguu? Umeme upo? Tutalala wangapi? La kwanza litakuchagulia begi, la pili litakuambia ubebe taa gani, na la tatu litakuambia kama ubebe shuka lako. Kama unalala gesti, uliza pia kama wana maji ya moto na blanketi za kutosha.

Begi la mgongoni, tena moja

Beba begi la mgongoni la lita 30 hadi 40. Likijaa, punguza vitu. Usiongeze begi la pili. Sababu utaiona mwisho wa safari: kutoka Lushoto mjini kwenda vijijini utapanda Noah iliyojaa au bodaboda. Kwenye bodaboda, begi la mgongoni linakaa mgongoni pako au mbele ya dereva juu ya tangi, na mikono yako inabaki huru. Sanduku halina pa kukaa.

Ndani ya basi begi kubwa litaingia buti, mahali penye vumbi, madumu ya mafuta na pengine jogoo wa mtu. Zifunge nguo ndani ya kipande cha turubai jepesi au koti kuukuu la mvua. Ile mifuko ya rambo tuliyozoea kufungia kila kitu ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo usiitegemee. Mfuko wa salfeti unaokunjika, au kikapu cha ukindu, vinafaa zaidi, na tutavihitaji tena wakati wa kurudi.

Uwe pia na kimkoba kidogo cha kukaa nacho kwenye kiti. Humo weka simu, fedha, dawa, maji, tishu na sweta. Sweta isiwe buti! Utaihitaji Soni, na kondakta hatasimamisha gari kwenye kona ili wewe uvae.

Kona hizo ni jambo la kujiandaa. Kama tumbo lako ni jepesi, kula kidogo basi linaposimama kwa chakula, omba kiti cha mbele, na uwe na kipande cha tangawizi au limau. Beba mfuko wa karatasi imara hata kama hujawahi kutapika maishani. Jirani yako anaweza kuuhitaji. Tishu na sabuni ndogo vitakusaidia pale abiria wanaposhuka kuchimba dawa.

Fungu la kwanza: la mwili wako

Anza na usiku, kwa sababu mchana hautakusumbua. Sweta moja nzito, soksi nene pea mbili, suruali nyepesi ya kulalia na kofia ya kufunika masikio. Usinunue sweta jipya dukani. Nenda Karume kwenye mitumba. Sweta la sufu halina wateja wengi kwenye joto la Dar, na muuzaji atafurahi kuliona linaondoka.

Mchana vaa nguo zinazopandana: fulana, juu yake shati la mikono mirefu, juu yake sweta. Asubuhi utavaa zote tatu, saa sita mchana utabaki na moja, jioni utazirudisha moja moja. Kwa siku mbili inatosha kuwa na suruali mbili, au sketi ndefu mbili, na fulana tatu. Koti la mvua ni bora kuliko mwavuli, kwa sababu kwenye mteremko unahitaji mkono wa kushika mti.

Miguuni beba viatu viwili tu. Raba yenye meno chini, uliyokwisha kuivaa mpaka ikauzoea mguu wako, na kandambili za bafuni. Kama ni masika, waulize wenyeji kama wana mabuti ya mvua ya saizi yako. Nyumba nyingi za wakulima zinayo, na hakuna haja ya kuyabeba kutoka Dar.

Kuhusu heshima ya mavazi: Usambara ni nchi ya Waislamu wengi, na Walutheri nao wako huko siku nyingi. Kaptura fupi na nguo za kubana si za kupitia sokoni wala za kumwamkia babu shikamoo. Weka nguo moja ya staha, kanzu, dera au shati safi lenye kola, kwa ajili ya ibada, au kwa msiba na harusi ambavyo havikutoa taarifa. Kijijini wikiendi mara nyingi huwa na kimojawapo.

Hapo ndipo doti ya kanga inapojilipia nauli. Ni taulo, ni shuka, ni pazia la kubadilishia nguo, ni kilemba cha kuendea msibani, ni mbeleko ya mtoto aliyelala njiani, na ni kitambaa cha kufungia mkate. Mwanamume abebe kikoi, kazi ni hizo hizo. Ningeambiwa nichague kitu kimoja tu baada ya sweta, ningechagua kanga.

Kwa giza, beba tochi. Ya kichwani ni bora, maana choo cha nyumba nyingi kiko nje, na usiku mkono mmoja una kopo la maji na mwingine unashika mlango. Taa ya simu itamaliza chaji, na simu iliyoponyoka chooni haiokotwi. Beba pawabenki iliyojaa, na chaja, hata ukiambiwa umeme upo. Umeme upo na umeme unawaka ni habari mbili tofauti.

Kwa afya, weka kipochi kidogo: dawa za maumivu, plasta, dawa ya kuua vijidudu kwenye jeraha, na pakiti mbili za ORS. Soma maandishi ya pakiti ujue inataka maji kiasi gani. Nyingi huchanganywa na lita 1 ya maji safi. Anayemeza dawa za kila siku, za presha, sukari au pumu, abebe dozi ya siku mbili zaidi ya zile za safari. Mvua kubwa huleta maporomoko ya udongo, na barabara ya mlimani ikifunga, Jumapili yako inaweza kuwa Jumanne. Usiache kadi ya bima. Mbu ni wachache juu kuliko tambarare, lakini hawajahama. Lala kwenye chandarua kama kipo. Ukirudi mjini ukapata homa, hata baada ya wiki kadhaa, nenda kapime malaria.

Wanawake wabebe pedi za kutosha, kwani duka la kijiji huenda halina aina uliyoizoea, pamoja na mfuko usioonyesha ndani wa kuhifadhia zilizotumika. Choo cha shimo si mahali pa kuzitupa.

Fedha zigawe. Simu ya kupokea na kutuma pesa ni nzuri mpaka umkute wakala anakuambia hana floti. Beba taslimu, tena noti ndogo: za elfu moja, elfu mbili na elfu tano. Mwenye bodaboda wa kijijini hana chenji ya noti ya elfu kumi saa kumi na mbili asubuhi, na wewe huna muda wa kumsubiri azunguke maduka.

Fungu la pili: la wenyeji

Mkono mtupu haulambwi. Ukimuuliza mwenyeji akuambie umletee nini, jibu unalijua: njoo tu, usijisumbue. Hiyo ni adabu yake. Uliza kwa mlango wa nyuma. Muulize binti wa nyumba, au mpwa, sukari inauzwaje huko siku hizi. Katika maelezo yake utasikia kilichopungua.

Kosa la watu wa Dar ni kununua mboga na matunda njiani wapeleke zawadi. Karoti, kabichi, hoho na viazi vingi unavyoviona kwenye masoko ya Dar vimeshuka kutoka milima hiyo hiyo. Ukipeleka karoti Lushoto unazirudisha kwao. Peleka kile ambacho mlima hauna. Bahari iko kwetu, kwa hiyo samaki wakavu waliofungwa vizuri ni zawadi ya kweli. Nazi vilevile, mbili au tatu, zitafanya Jumamosi ya nyumba nzima iwe na wali wa nazi. Ongeza sukari kilo mbili, mchele mzuri, mafuta ya kula na sabuni ya kufulia. Kama mwezi mtukufu uko karibu, tende. Usipeleke majani ya chai bila kuuliza. Usambara wanalima chai yao.

Kwa wazee, kitu cha joto: blanketi jepesi au soksi nzito. Kwa watoto, daftari na kalamu zifikie idadi yao wote, na idadi hiyo uiulize mapema. Ukiwa na daftari nne na watoto ni sita, ni heri usingebeba hata moja.

Ukimnunulia mama mkwe au shangazi kanga, isome kabla ya kulipa. Kanga ina maneno, na maneno yale yatasomwa na kila jirani atakayekuja kukusalimia. Kuna jina la kanga la shukrani na kuna la kumsuta jirani mbaya. Kwa rangi yanaweza kufanana kabisa. Wapo waliopeleka kanga nzuri na kurudi na ugomvi wa mwaka mzima.

Zawadi ziweke kwenye mfuko wake peke yake, ule wa salfeti, ili ukifika uukabidhi mzima kwa mama wa nyumba. Usianze kuchambua begi sebuleni, ukitoa sukari katikati ya soksi zako.

Kuna zawadi moja haina uzito: nguo ya kazi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe unaondoka kabla ya siku ya tatu, lakini beba suruali kuukuu hata hivyo. Mgeni anayeomba kwenda shamba asubuhi ya Jumamosi, hata kama atachimba mstari mmoja wa viazi na kuupinda, hasahauliki.

Fungu la tatu: nafasi tupu

Ukifika, begi lako litakuwa limepungua. Usiseme umebeba vitu vichache ukajaza nafasi hiyo kwa viatu vya tatu. Jumapili asubuhi, wakati unaaga, mama wa nyumba atatoka jikoni na kapu. Kutakuwa na karoti zenye udongo, kabichi kubwa kama kichwa, viazi, pengine mapeasi kama ni msimu wake. Kukataa ni kuvunja moyo. Kusema begi limejaa ni kukataa.

Ndiyo maana ule mfuko wa salfeti ulikuja umejaa sukari na unarudi umejaa mboga. Viazi na karoti weka chini, kabichi katikati, matunda laini juu kabisa, na kanga ipite kati yao isitokee michubuko. Matunda kaa nayo kwenye kiti. Joto la buti kutoka Mombo kwenda chini litayaivisha kabla hujafika Chalinze. Kama ulipita Irente kuangalia tambarare kutoka kwenye mwamba na ukanunua jibini au jemu ya shambani pale, jibini nayo isafiri nawe juu, imefungwa kwenye fulana iliyobaki safi.

Nguo chafu na viatu vya matope vifunge kwenye lile turubai. Udongo mwekundu ukigusa shati jeupe, shati hilo limekuwa la shamba milele.

Vya kuacha nyumbani

Pasi, manukato makali, viatu vya ngozi, vito vya dhahabu, kompyuta na spika ya muziki. Acha pia kile chakula chako maalumu, isipokuwa kama ni agizo la daktari. Mwenyeji akipika bada au makande, nawe ukatoa pakiti yako ya nafaka, umemwambia jambo ambalo hukukusudia kulisema.

Alhamisi usiku

Fungasha Alhamisi kama basi ni la Ijumaa alfajiri. Tandaza vitu vyote kitandani kwa mafungu matatu. Chini ya begi weka nguo za Jumapili, katikati za Jumamosi, juu kabisa za kulalia, kwa sababu utafika jioni na hutataka kuchokonoa. Tochi ikae kwenye mfuko wa nje. Kisha hakikisha hivi vipo:

Sweta, soksi nene, kofia, koti la mvua.
Raba na kandambili.
Nguo ya staha na nguo ya kazi.
Kanga au kikoi.
Tochi, pawabenki, chaja.
Dawa, ORS, tishu, sabuni, kadi ya bima.
Noti ndogo.
Mfuko wa wenyeji, umefungwa peke yake.

Likishafungwa, livae begi, shika mfuko wa wenyeji mkononi, panda ngazi za jirani yako mpaka ghorofa ya pili. Ukihema sana, toa fulana mbili urudie. Usipunguze kwenye mfuko wa wenyeji.

Jambo la mwisho ni la Jumapili usiku. Ukifika kwako, kabla hujaoga na kabla hujaosha karoti, piga simu. Sema umefika salama na mzigo wote umefika mzima. Kule mlimani kuna mtu hajalala anaisubiri simu hiyo, na hiyo pawabenki uliibeba kwa ajili yake.